Moduli iliyozimika saa tisa usiku

Simu iliita saa tisa na robo usiku. Nilipoona jina la karani wa tiketi wa stendi ya Mbezi, nilijua hajanipigia kunijulia hali.

"Dada, samahani kwa kukuamsha. Mfumo umegoma."

"Umegomaje?"

"Ukurasa mweupe tu, umeandika mia tano. Na abiria wa Mwanza wameshaanza kuingia."

"Nipe dakika kumi, kaka."

Basi la kwanza la kampuni ile linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Tiketi zinakaguliwa kwa simu ya kondakta, na simu inasoma kutoka kwenye seva ambayo mimi ndiye ninayeitunza. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, kompyuta mapajani, nikafungua logi, yaani kumbukumbu za matukio, ya Apache, programu inayotoa kurasa za tovuti. Mstari ulikuwa mmoja, umejirudia mamia ya mara:

`.htaccess: Invalid command 'Header', perhaps misspelled or defined by a module not included in the server configuration`

Faili la `.htaccess` la tovuti lilikuwa linatumia agizo la `Header`, la kuongeza maelekezo kwa kivinjari, na moduli inayolielewa agizo hilo, yaani kipande cha Apache kinachowashwa na kuzimwa peke yake, haikuwepo. Nikaandika amri mbili, `a2enmod headers` kisha `systemctl reload apache2`. Ilipofika saa tisa na dakika ishirini na sita tiketi zikaanza kusoma. Karani akanitumia ujumbe: "Imekubali. Mungu akubariki dada."

Nikazima taa. Usingizi haukurudi.

Mchana wake tovuti ile ilikuwa nzima. Niliifungua mwenyewe na kuitazama. Na tangu saa kumi jioni hakuna mtu aliyeingia kwenye mashine ile.

Sasa nani aliizima moduli saa tisa usiku?

## Saa sita ya mashine

Jibu la kwanza nililipata kabla ya adhana ya alfajiri. Seva zetu zinafuata saa za UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo saa tisa usiku ya Dar es Salaam kwao ni saa sita usiku. Na huo ndio wakati Ubuntu, mfumo endeshi wa mashine zetu, inapozungusha logi: faili la jana linawekwa kando, jipya linafunguliwa, kisha Apache inaamriwa isome upya usanidi wake ili ianze kuandika kwenye faili jipya. Kazi hiyo hufanyika kila usiku kwenye kila mashine, na hakuna anayeikumbuka kwa sababu haijawahi kumuudhi mtu.

Kwa hiyo saa tisa usiku Apache ilisoma usanidi upya. Usanidi iliousoma haukuwa na `headers`, kwa sababu mimi ndiye niliyeiondoa mchana, kwa kutumia Ansible, zana inayotekeleza maagizo ya faili moja kwenye mashine nyingi kwa pamoja.

Niliiondoa saa nane mchana. Ikaondoka saa tisa usiku.

Yale masaa kumi na matatu ya katikati ndiyo yaliyonikaa kichwani kwa wiki sita, mpaka nikaamua kuandika haya.

## Mstari niliofuta

Inabidi nirudi nyuma kidogo. Oktoba 2021 ilitangazwa hitilafu ya Apache toleo la 2.4.49, iliyopewa namba CVE-2021-41773. Mtu wa nje aliweza kuandika njia ya faili kwa hila, akatoka nje ya folda ya tovuti na kusoma mafaili ambayo usanidi haukuwa umeyafungia. Marekebisho ya kwanza, toleo la 2.4.50, hayakutosha, 2.4.51 ikafuata baada ya siku chache. Kilichonishtua zaidi kilikuwa maneno machache ndani ya tangazo: kama seva ina moduli ya CGI, inayoiwezesha Apache kuendesha programu nyingine, imewashwa, hitilafu ileile inamruhusu huyo mtu kuendesha amri zake. Kwenye mashine moja angechungulia dirishani, kwenye ya pili angeingia ndani na kukaa sebuleni, na tofauti ya mashine hizo mbili ni moduli moja.

Mashine zetu hazikuguswa. Zilikuwa na Ubuntu 20.04, ambayo ilibaki na toleo la 2.4.41. Hata hivyo nilifungua faili letu la maagizo ya Ansible, nikaikuta `cgi` kwenye orodha ya moduli, nikaufuta mstari wake, nikaendesha maagizo kwenye mashine zote tisa. Kijani juu hadi chini. Nikamwandikia bosi kwamba CGI tumeiondoa.

Zaidi ya miaka mitatu baadaye, nikitafuta kitu kingine kabisa, nilifungua folda ya `/etc/apache2/mods-enabled`, yenye viungo vya moduli zilizowashwa, kwenye mashine mojawapo. `cgi.load` ilikuwa imekaa palepale.

Nikaangalia ya pili. Ya tatu. Zote tisa.

Ansible haikuwa na kosa. `apache2_module` hufanya kile ilichoambiwa: ukiandika `state: present` inawasha, ukiandika `state: absent` inazima. Mimi sikuandika lolote. Nilifuta mstari, na kwa Ansible kufuta mstari ni kunyamaza. Mashine zilizowashiwa CGI siku zilipoanza kazi ziliendelea kuwa nayo kwa sababu hakuna aliyeziambia ziache. Miaka yote hiyo bosi wangu alikuwa na taarifa isiyo ya kweli, na aliipata kwangu, na niliitoa kwa moyo mweupe.

Nilimweleza siku hiyohiyo. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na mengine uliyoniambia?"

## Kunyamaza kuna maana gani

Kazini kwangu kwa zamani tulitumia Puppet, zana nyingine ya kazi hiyohiyo, na huko mambo ni kinyume. Moduli yake inayosimamia Apache, usipoiambia vinginevyo, hufuta usanidi wowote wa Apache ambao haikuuandika yenyewe. Nakumbuka kijana wa mafunzo kwa vitendo aliyewasha moduli kwa mkono asubuhi, akaenda kunywa chai, akarudi akakuta haipo. Akaiwasha tena. Kwa kawaida Puppet hupita kila baada ya nusu saa, nayo ikapita. Alihangaika mpaka jioni kabla hajamuuliza mtu, na alipouliza tulimjibu kwa ufupi kuliko alivyostahili.

Ukinyamaza mbele ya Puppet, inaelewa: kisiwepo. Ukinyamaza mbele ya Ansible, inaelewa: sina neno. Kila upande una sababu zake, na zote ni nzito. Tatizo ni kwamba uamuzi huo mkubwa ulishafanywa na mtu mwingine kabla hujaweka programu, na unaweza kufanya kazi miaka mitano bila kujua kwamba ulikubali.

Mark Burgess alipoanzisha CFEngine mwaka 1993 akiwa Chuo Kikuu cha Oslo, alileta wazo ambalo zana zote hizi zimelirithi: ieleze mashine hali unayoitaka, iendeshe mara moja au mara mia, itafika palepale. Nimelipenda wazo hilo tangu siku ya kwanza nililoelezwa. Ila kuna swali ambalo sikuwahi kulikalia: hali ninayoieleza ni ya vitu nilivyovitaja tu, au ni ya mashine nzima?

Baada ya kuikuta ile `cgi.load`, nilitaka iwe ya mashine nzima. Nikaandika maagizo mafupi: soma folda ya `mods-enabled`, toa zilizomo kwenye orodha yetu kwa kichujio cha `difference`, kilichobaki kizime kwa `state: absent`. Chini ya mistari kumi. Mwenzangu wa ofisini aliisoma akakunja uso.

"Hizo zitakazobaki, unajua ziliwekwa na nani?"

"Hata kama sijui, hazikupaswa kuwepo."

"Kwani orodha yetu imekamilika?"

Nikamjibu kwamba imekamilika. Nilimjibu haraka, na haraka ile ndiyo ninayoijutia kuliko mistari yenyewe.

Kuna jambo jingine lililopaswa kunisimamisha. Ukizima kwa mkono moduli ambayo Debian au Ubuntu inaihesabu kuwa ya msingi, mfano `autoindex`, amri ya kuzimia, `a2dismod`, haikubali mara moja. Inakuonya, kisha inakutaka uandike sentensi nzima kwa herufi zako: `Yes, do as I say!` Fanya ninavyosema. Mtu aliyeiandika programu hiyo alitaka uvute pumzi. Kwenye Ansible sentensi hiyo haipo. Kuna `force: true`, unaiandika mara moja kwenye faili na inajibu kwa niaba yako kila siku, kwenye kila mashine. Niliiandika bila kuwaza.

## Mchana ule

Saa nane mchana niliendesha maagizo kwenye mashine zote tisa. Tatu kati ya hizo zilikuwa na `headers`, iliyowashwa zamani na mtu fulani, na haikuwa kwenye orodha yetu. Ikazimwa kwenye zote tatu, pamoja na CGI kwenye zote tisa.

Sasa, kuzima huko ni kuondoa kiungo kwenye folda tu. Apache iliyo hai haijui mpaka iambiwe isome upya. Na kwa Ansible agizo la kusoma upya halitekelezwi papo hapo: kazi iliyobadilisha kitu huacha taarifa kwa `notify`, na taarifa zote hutekelezwa mwishoni, mara moja. Ni utaratibu mzuri, kwa sababu hakuna mtu anayetaka seva isome usanidi mara kumi na mbili kwa kazi kumi na mbili.

Kwenye mashine ya mabasi, baada ya moduli kuzimwa na kabla ya mwisho kufika, kazi nyingine ilikwama. Hazina ya mtandaoni ya vifurushi vya programu haikuitika, mtandao wa pale ulikatika kwa dakika chache. Nyekundu. Mashine inayokwama Ansible huiacha hapohapo na kuendelea na nyingine, na taarifa zake zilizokuwa zikisubiri mwisho hazitekelezwi. Ujumbe ulitumwa kwa mtoto, mtoto akaishia njiani.

Mtandao uliporudi niliendesha tena kwa mashine ile peke yake. Ansible ikatazama folda: `headers` haipo, sawa. CGI haipo, sawa. Hakuna kilichobadilika, kwa hiyo hakuna taarifa ya kutuma. Kila kitu kijani, hata njano moja hakuna.

Nilifurahi kuona kijani kile.

Nilikuwa mwangalifu pia, au nilidhani hivyo. Niliendesha `apache2ctl -M`, amri inayoorodhesha moduli, nikaona `headers` na `cgi` hazimo. Nikafungua tovuti ya tiketi, ikafunguka. Majibu mawili mazuri. Nikafunga kazi saa kumi jioni nikaenda nyumbani.

## Kilichoandikwa na kilicho hai

Hapa ndipo niligota kwa muda mrefu zaidi. Kwa wiki nzima niliamini `apache2ctl -M` ilinidanganya. Ilisema `headers` haipo wakati ambapo, ni dhahiri sasa, ilikuwepo na inafanya kazi, maana tovuti isingefunguka bila hiyo.

Amri ile haikudanganya. Haizungumzi kabisa na Apache iliyo hai. Inaanzisha programu upya kwa sekunde moja, inasoma mafaili ya usanidi yaliyo kwenye diski, inaorodhesha moduli ambazo zingepakiwa kwa mafaili hayo, inajifunga. Miaka yangu yote ya kazi hii nimeitumia nikidhani ninamuuliza mgonjwa hali yake, kumbe ninasoma cheti chake.

Na `apache2_module` ya Ansible hujua moduli imewashwa au haijawashwa kwa kuuliza swali lilelile, kwa amri ileile.

Kuna mahali pa kumuuliza mgonjwa mwenyewe. Kwenye Linux kila mchakato una folda yake chini ya `/proc`, na ndani yake faili liitwalo `maps` linaonyesha kila kipande cha programu ambacho mchakato huo umekishika kwenye kumbukumbu wakati huo. Tafuta namba ya mchakato mkuu wa Apache, fungua `maps` yake, chuja mistari yenye `mod_`. Utaona `mod_headers.so`, `mod_rewrite.so`, `mod_ssl.so`, moja moja, hizo ndizo zilizo hai. Mchana ule, kama ningefanya hivyo, ningeiona `mod_headers.so` imo ndani huku diski ikisema imeondoka. Ningejua kwamba kuna kitu kimesimama njiani, na kwamba kitafika chenyewe, saa ambayo sikuipanga.

Nilifanya jaribio hilo kwenye mashine ya mazoezi. Nikaondoa kiungo, nikaziweka orodha mbili dirishani, ya diski kushoto na ya mchakato kulia. Zilitofautiana kwa mstari mmoja. Nikaandika `reload`. Mstari ukapotea kulia. Nilirudia mara nne, labda tano, bila sababu ya maana isipokuwa kwamba nilitaka macho yazoee.

## Tovuti mbili zilizonyamaza

Watu wa ofisini walizungumza sana kuhusu mashine ya mabasi. Mimi zilinisumbua zaidi zile nyingine mbili, ambazo hakuna aliyenipigia simu kwa ajili yake.

Kwenye hizo maagizo yalifika mwisho, Apache ikasoma upya saa nane mchana ileile, `headers` ikaondoka. Tovuti zikaendelea kufunguka kama kawaida. Aliyeziandika alikuwa makini, au ndivyo tulivyofundishwa wote: alizungushia maagizo yake `<IfModule mod_headers.c>`, yaani kama moduli ipo tumia, kama haipo pita. Apache ikapita. Vichwa vya usalama alivyoviweka, vile vinavyokiambia kivinjari kisikubali ukurasa kuingizwa ndani ya tovuti ya mtu mwingine na kitumie njia iliyosimbwa tu, havikutumwa kwa mtu yeyote kwa siku nne. Niligundua kwa `curl -I`, amri inayoonyesha vichwa hivyo, nikitafuta mambo ya mashine ya mabasi.

Faili la `.htaccess` lisilo na kinga lilipiga kelele, mtu akaamka, likarekebishwa ndani ya dakika kumi na moja. Mafaili yenye kinga yalikaa kimya siku nne. Tangu hapo `<IfModule>` siiandiki tena kwa kitu ambacho tovuti inakihitaji kweli. Kama kinahitajika na hakipo, nataka nisikie.

## Aliyeiwasha

Nilitaka kujua nani aliwasha `headers` kwenye mashine ya mabasi bila kuiandika popote. Nakiri nilimtafuta kwa hasira. Nilifungua lile `.htaccess`, tarehe yake ilikuwa ya 2019, na juu ya mstari wa `Header set Cache-Control "no-store"`, unaokiambia kivinjari kisihifadhi ukurasa, kulikuwa na maneno haya:

`# usiondoe: simu za makondakta zinaonyesha tiketi ya jana`

Nilimfahamu aliyeandika. Aliacha kazi zamani, lakini namba yake ninayo. Nikampigia.

"Shikamoo kaka. Unakumbuka ile `headers` ya mabasi?"

"Marahaba. Nakumbuka sana. Kulikuwa na abiria wawili wa kiti kimoja. Simu ya kondakta ilikuwa inaonyesha ukurasa wa zamani, tiketi iliyokwisha kutumika inaonekana bado mpya. Niliwasha nikiwa palepale stendi, kwa simu, mvua inanyesha. Nikasema kesho nitaandika kwenye orodha."

Kesho hiyo haikufika, kama zilivyo kesho zetu nyingi. Hasira yangu ilikwisha pale kwenye simu. Abiria wawili walikuwa wamesimama mbele yake na kiti ni kimoja. Alifanya lililompasa, na ujuzi wake ukabaki mahali pawili tu, kichwani mwake na kwenye kiungo kimoja ndani ya folda. Mimi nikakifuta kiungo hicho kwa sababu orodha haikukitaja. Mwenzangu aliponiuliza kama ninajua zimewekwa na nani, alikuwa anauliza kuhusu mtu huyu, na kuhusu mvua ile.

## Ujumbe wa pili

Sijasimulia usiku wote. Saa kumi kasoro, wakati nimeshazima taa, karani alituma ujumbe mwingine:

"Dada, na orodha ya abiria haitoki sawa. Inatoa maandishi ya ajabu, alama za dola tupu."

Alama za dola. Nikaketi tena.

Orodha ya abiria wa kila basi inatengenezwa na skripti ya zamani kuliko ajira yangu pale, ya lugha ya Perl, iliyojaa alama za dola. Skripti hiyo inaendeshwa kwa CGI. Nilipoizima CGI, usanidi haukulalamika, faili likaendelea kuwepo mahali pake, na Apache, isiyo na tena mtu wa kuliendesha, ikaligawa kama inavyogawa faili lolote la kawaida: yaliyomo, kama yalivyo. Karani alikuwa anasoma programu yenyewe. Kwenye mstari wa kumi na moja wa programu hiyo ilikuwemo nywila ya hifadhidata.

Niliizima CGI kwa ajili ya usalama. Kwa kuizima, kwa karibu saa nzima, niliiweka nywila wazi kwa yeyote aliyekuwa na anwani ile.

Niliwasha CGI kwa mkono, moduli ileile niliyoapa kuiondoa, nikabadilisha nywila, nikapitia logi kuona nani alikuwa amelifungua faili lile. Ilikuwa ni kompyuta ya stendi tu. Nilizisoma logi zile mara tatu mpaka kukapambazuka, na basi la Mwanza likaondoka saa kumi na moja na dakika kumi.

## Tunavyofanya sasa

Maagizo yale ya kuzima kila kisichotajwa nimeyatoa. Badala yake Ansible inapokuta moduli isiyo kwenye orodha inasimama na kuitaja, na mmoja wetu anakwenda kutafuta ilikotoka: anasoma `.htaccess` zote, anapiga simu, anauliza. Inachukua muda. Moduli moja, `userdir`, ilituchukua siku mbili na mwisho wake hakuna aliyekuwa anaihitaji. Tukaizima kwa `state: absent` iliyoandikwa wazi, na mstari huo utabaki pale hata baada ya mashine zote kuitii, ili mashine mpya nayo iusikie.

Mara tu baada ya kazi za moduli tumeweka `meta: flush_handlers`, ili Apache isome upya hapohapo, mchana, tukiwa macho, na si mwisho ambao unaweza usifike. Juu ya faili tumeweka `force_handlers: true`, ili taarifa zitekelezwe hata kazi nyingine ikikwama. Na kazi ya mwisho kabisa inafungua `maps` ya mchakato wa Apache na kulinganisha na orodha. Zikitofautiana ni nyekundu. Imeshatukamata mara moja tayari, na nilishukuru.

Orodha yenyewe imekuwa ndefu, kwa sababu kila moduli sasa ina maelezo pembeni. `mpm_prefork` ipo kwa sababu PHP yetu inaendeshwa ndani ya Apache yenyewe. `http2` haipo kwa sababu haifanyi kazi na `prefork`, wala si kwamba tumeisahau. Mwenzangu alisema inaanza kufanana na daftari la zahanati. Kwangu hiyo ni sifa.

CGI tumeiondoa kwenye mashine nane, nimehakikisha kwa `maps`, na nimemwandikia bosi barua mpya yenye ushahidi chini yake.

Imebaki ya tisa. Nilikuwa nimeshaandika mpango wa kuitupa ile skripti ya Perl, kwa kuwa mfumo mpya wa tiketi unaweza kuonyesha abiria kwenye simu. Kabla ya kuutuma nilipanda daladala nikaenda Mbezi, saa kumi alfajiri, nikasimama nyuma ya karani. Alichapa orodha, akaikata kwa rula, akaibandika kwa gundi ya karatasi pembeni ya mlango wa basi. Akina mama wawili wenye mizigo wakaja wakaweka kidole juu ya majina, wakashuka nayo taratibu mpaka wakajikuta, wakapanda.

"Si wote wana simu ya kusoma, dada," karani akasema bila kugeuka.

Nikarudi ofisini nikaongeza mstari kwenye orodha:

`- cgi   # orodha ya abiria ya saa kumi. Muulize karani wa Mbezi kabla ya kuzima.`